Maswali ya Wasomaji: Gari-Nyumba la Futi 45 Linavyojengwa Kiwandani

Safari hii barua nyingi zinahusu yale magari-nyumba makubwa ya Marekani, marefu kama basi la abiria, yenye jiko, bafu, mashine ya kufulia na kitanda cha watu wawili. Tumechagua sita.

*Mimi ni fundi wa bodi za mabasi. Kwetu tunaletewa chasisi ya lori yenye injini, tunachomelea fremu ya chuma, tunapiga mabati, viti mwisho. Wao nao huanza hivyo?* (Fundi, Changamwe, Mombasa)

Mwanzo mnafanana, fundi. Mnaachana sakafu ikishakamilika.

Viwanda vingi viko kaskazini mwa Indiana, ndani ya Kaunti ya Elkhart na pembeni yake: Newmar wako Nappanee, Entegra wako Middlebury. Tiffin wako mbali na wenzao, Red Bay, Alabama. Chasisi hununuliwa hasa kwa Freightliner, wanaoitengeneza Gaffney, South Carolina, au kwa Spartan wa Michigan. Inafika na injini, giaboksi ya otomatiki ya Allison, ekseli, breki za upepo na usukani. Injini hukaa nyuma, kwa kawaida Cummins ya lita 8.9, na kwenye makubwa kabisa lita 15 yenye nguvu farasi 605. Tofauti yake na chasisi ya lori ni kwamba reli zake, yaani boriti mbili ndefu za chuma zinazobeba gari, katikati zimepandishwa juu, ili chini ya sakafu zipatikane buti zinazopenya kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Humo ndimo yanamokaa matangi, betri na mabomba. Ekseli zinakalia mifuko ya upepo, si springi za majani.

Kazi huanzia chini. Fremu ya sakafu hufungwa juu ya reli, matangi hupachikwa, kisha mabomba na mikungu ya nyaya hupitishwa kabla ya plaiwudi kufunika. Tangi la maji safi hubeba takriban lita 380, na maji ya jikoni na bafuni yana tangi lake mbali na la choo. Kisha hutandikwa vigae vya kauri, na gari bado halina ukuta hata mmoja! Makabati, bafu na jokofu navyo huwekwa hivyo hivyo hadharani. Nyinyi mnafunga bodi kwanza ndipo mnaingiza viti mlangoni. Wao huweka nyumba nzima sakafuni, kisha kuta zilizokwisha kutengenezwa meza ya pembeni hunyanyuliwa kwa winchi na kusimamishwa kuizunguka. Paa hufuata, halafu pua ya mbele na kisogo cha nyuma, ambavyo ni faibaglasi iliyomwagwa kwenye kalibu.

Mpangilio huo una faida: mafundi wanne wanaweza kufunga kabati moja kutoka pande zote, na kila skrubu inapigwa mahali panapofikika. Hasara yake anaibeba mwenye gari baadaye. Jokofu la nyumbani lililoingizwa kabla ya ukuta halipiti mlangoni likifa. Hutolewa kupitia dirisha kubwa au tundu la kioo cha mbele, na kung'oa kioo hicho na kukirudisha huweza kugharimu sana.

Jambo moja la kuangalia, kwa kuwa unachomelea: fremu ya kuta zao mara nyingi ni ya alumini na chasisi ni ya chuma. Metali hizo zikigusana penye unyevu, alumini huliwa. Ndiyo maana kati yake huwekwa utepe au rangi ya kutenganisha, na mahali pa kufunga bodi kwenye reli hapaachwi wazi hata nukta.

*Naendesha lori hapa Columbus, Ohio. Nimeona gari-nyumba lililotumika, bei nzuri, lakini ubavuni lina vimbe kama malengelenge. Muuzaji anasema ni rangi tu.* (Dereva)

Si rangi, ndugu. Ukuta umeachana.

Ukuta wa gari hizi hujengwa kwa gundi. Mezani hulazwa karatasi ya faibaglasi, uso mzuri ukitazama chini. Juu yake hupakwa gundi, ikaja plaiwudi nyembamba au ubao wa plastiki, kisha fremu ya mirija ya alumini iliyochomelewa, na mapengo yake hujazwa vipande vya povu gumu la kuzuia joto. Juu kabisa hukaa ubao wa ndani ya chumba. Tabaka zote hubanwa pamoja, ama kwa rola nzito ama kwa kufunikwa turubai na kunyonywa hewa hadi gundi ishike. Mashine ya kompyuta ndiyo hukata matundu ya madirisha na milango. Pale patakapofungwa kabati au televisheni, bamba la chuma huwa limefichwa ndani tangu mwanzo, kwa sababu povu halishiki skrubu.

Ukuta wa namna hii ni mwepesi na mgumu ajabu, ilimradi ubaki mkavu. Maji yakipenya penye kona ya dirisha, taa ndogo ya juu au skrubu ya mwavuli wa ubavuni, plaiwudi hunyonya, huoza, na faibaglasi hujitenga. Hapo ndipo vimbe hutokea. Mara chache kosa ni la kiwandani: vumbi mezani, au gundi iliyoachwa ikaanza kukauka kabla ya kubanwa. Kwa vyovyote, kudunga sindano ya gundi mpya ndani ya uvimbe ni kiraka tu kama maji bado yanaingia.

Usiishie ubavuni. Panda juu ya paa ukague kila kiungo: pembeni mwa viyoyozi, matundu ya hewa, na mstari paa linapokutana na pua. Gundi ya kuzibia iliyopasuka kama tope kavu ni dalili mbaya. Ndani, bonyeza ukuta kwa kidole gumba chini ya kila dirisha na pembe za makabati ya juu. Palipolegea pana maji. Kisha soma namba nne za mwisho za tarehe kwenye ubavu wa tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za gari-nyumba huzeeka kabla ya kuisha meno, kwa kuwa gari linasimama miezi mingi, na tairi ya mbele ikipasuka kwenye gari la zaidi ya tani 20 hakuna dereva anayetaka kuwa mahali hapo.

Uliza pia kama kiwanda chake bado kipo. Fleetwood na Monaco waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2009, na magari yao mengi bado yako barabarani. Injini utapata vipuri, lakini kioo cha mbele au taa ya nyuma ya mfano ule huenda ukaitafuta kwa wanaobomoa magari mabovu.

*Je, ni kweli ndani wanaweka marumaru?* (Bi. Z., Zanzibar)

Mara nyingi meza ya jikoni ni kwatzi au jiwe la kutengenezwa, na sakafu ni vigae vya kauri. Marumaru halisi ni nzito na hupasuka gari likijinyonga barabarani. Anasa kubwa zaidi iko chini ya vigae: nyaya za kupasha sakafu joto, na boila ya dizeli inayozungusha maji ya moto kwenye mabomba, ikitoa joto la vyumbani na maji ya kuogea kwa pamoja.

*Vile vyumba vinavyotoka ubavuni gari likisimama, vinashikiliwa na nini? Na mvua?* (Mwanafunzi wa ufundi, Arusha)

Hapa ndipo kazi ya gari zima ilipo. Tangu Newmar walipoingiza vyumba hivyo kwenye biashara hii mwaka 1990, mnunuzi wa gari kubwa hataki lisilo navyo, na kila chumba ni tundu ulilokata kwenye ukuta uliokuwa ukikubebea paa. Vingine huchukua karibu ubavu mzima. Kwa hiyo juu ya tundu huwekwa boriti nene, chini hukazwa sakafu, na pembe huongezewa vyuma, kwani bila hivyo gari lingejikunja katikati likipita kwenye mtaro.

Chumba chenyewe ni sanduku lenye sakafu, kuta tatu na paa lake. Kizito, chenye jiko na jokofu ndani, husukumwa kwa haidroli au kwa mota inayozungusha gia kwenye reli zenye meno chini ya sakafu. Vyepesi vina mota mbili ndogo ukutani, moja kila upande. Mota hizo zikipishana, chumba huenda mshazari na kukwama. Kwenye mifumo mingi dawa yake ni kushikilia swichi sekunde kadhaa baada ya chumba kufika mwisho, hadi mota zote mbili zigote na kulingana. Wengi huachia swichi mapema mno, siku baada ya siku, kisha humlaumu fundi.

Mvua huzuiwa na raba za safu mbili: moja hukandamizwa chumba kikiwa nje, ya pili kikiwa ndani, na kati yake upo ulimi wa raba unaopangusa ukuta. Kiwandani chumba hutolewa na kurudishwa mara kadhaa huku fundi akirekebisha pengo juu, chini na pembeni, mpaka raba ibanwe sawasawa pande zote. Raba ipulizie silikoni kavu. Grisi hukusanya mchanga, na mchanga hukwangua rangi. Juu ya paa la chumba majani makavu huganda. Yafagie kabla ya kurudisha, la sivyo yanaingia sebuleni pamoja na maji yake.

Maji na umeme wa jiko lililo ndani ya chumba hupita kwenye mpira na nyaya zinazolala ndani ya mnyororo wa plastiki unaojikunja. Pakikatika kitu, mara nyingi ni hapo, kwenye mkunjo.

Kuhusu kipi kitangulie, kushusha jeki za kusawazisha gari au kutoa vyumba, viwanda havikubaliani. Wengine wanataka gari lisawazishwe kwanza ili tundu lisijinyonge, wengine wanataka vyumba vitoke gari likiwa bado juu ya mifuko ya upepo. Fuata kitabu cha gari lako, si ushauri wa jirani kambini.

*Huchukua muda gani kulijenga, na kwa nini mengine hupita dola milioni 2?* (Msomaji, Kampala)

Yale ya Indiana hupita kwenye mstari kituo baada ya kituo kwa wiki kadhaa, na sehemu kubwa ya muda huo huliwa na rangi. Bodi husuguliwa, hupigwa praima, kisha kila rangi ya michirizi hufunikiwa kwa utepe na kupulizwa peke yake, ndipo zije koti za vanishi, msasa laini na kung'arishwa. Rangi nne maana yake ni kufunika na kufunua mara nne. Baadaye gari huingizwa chumba cha mvua ya bandia, mabomba hupimwa kwa shinikizo la hewa, nyaya hupimwa kwa volti kubwa kutafuta palipochubuka, kisha hupelekwa barabarani.

Wafanyakazi wengi wa huko ni Waamish, Wakristo ambao wao wenyewe hawamiliki magari. Wengine hufika kazini kwa baiskeli. Viwanda vingi vya eneo hilo hulipa kwa kazi iliyomalizika, si kwa saa, na zamu huanza alfajiri. Mfumo huo hutoa kasi, na kwa maoni yetu ndio chanzo cha kasoro nyingi ndogo: skrubu iliyokosa bamba, bomba ambalo halikukazwa, vumbi la mbao lililoachwa ndani ya njia ya hewa.

Yale ya dola milioni 2 na zaidi ni mengine. Hayo huanza na ganda la basi la Prevost, linalotengenezwa Sainte-Claire, Quebec, kampuni iliyo chini ya Volvo. Halina chasisi ya reli; fremu yenyewe ya chuma kisichoshika kutu ndiyo inayobeba kila kitu. Ganda tupu hupelekwa kwa watengenezaji kama Marathon wa Oregon au Liberty, wanaolijaza kwa mkono kwa miezi mingi.

*Nataka kuleta moja Kenya kwa ajili ya utalii. Nianzie wapi?* (Mfanyabiashara, Nairobi)

Anzia kwenye usukani. Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto ila kwa ruhusa maalumu, na kiwango cha ukaguzi wa magari cha Kenya, KS 1515, kinataka gari lililotumika lisizidi miaka 8. Hata ukipata ruhusa, mlango wa abiria na mwavuli wa gari la Marekani viko kulia. Kwetu, ukiegesha kando ya barabara, wageni wako watashukia katikati ya njia.

Umeme ni tatizo kubwa zaidi. Plagi yake ya ampea 50 ina pini nne: nyaya mbili za moto, kila moja volti 120, nyutro na ya ardhini. Fundi asiyejua akiunganisha waya wetu wa moto wa volti 240 kwenye zote mbili, kila kifaa cha volti 120 kinapata mara mbili, na maikrowevu, chaja na jokofu vinaungua dakika ile ile. Transfoma yenye nyutro katikati hurekebisha volti, lakini haibadilishi mizunguko: vifaa vimeundwa kwa hezi 60, sisi tunatoa 50. Kompresa za viyoyozi huzunguka polepole na kupata joto. Jenereta ya gari lenyewe haina tatizo hilo, ila hutaki kuiwasha usiku kucha mbugani. Dizeli nayo: injini hizo tangu 2010 zinahitaji salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, pamoja na majimaji ya urea. Salfa ikizidi, mfumo wa kusafisha moshi huharibika na kompyuta hupunguza nguvu ya injini.

Kwa kazi yako tungetazama Australia. Huko hujenga magari-nyumba madogo kuliko haya juu ya chasisi za Isuzu, Fuso na Iveco, usukani kulia, umeme wa volti 230 na hezi 50. Hayana vigae vya kauri wala sakafu ya joto, lakini breki pedi za Isuzu utazipata Industrial Area siku hiyo hiyo.