Chembe za hostia, saa moja ya mfungo na dhamiri isiyotulia

Tumsifu Yesu Kristo, dada. Umeuliza mambo matatu: chembe za hostia, yaani mkate wa Ekaristi, unazohisi zimebaki kiganjani, hadi unarudi kanisani kukagua sakafu, korosho ulizokula asubuhi bila uhakika kama saa moja ya mfungo kabla ya Komunyo ilitimia, na hofu kwamba kila ungamo lako lina kasoro, ndiyo maana umekaa miezi minne bila kukomunika, yaani kupokea Ekaristi. Naanza na chembe, maana naona hapo ndipo umebanwa zaidi.

Kanisa linafundisha kwamba Kristo yupo mzima katika hostia na katika kila kipande chake, na kwamba yupo kwa muda wote maumbo ya mkate yanapodumu. Mwenye wasiwasi hushika nusu ya kwanza ya fundisho hilo, ya pili akaiacha. Umbo la mkate ni kitu ambacho mtu wa kawaida akikitazama ataona ni mkate. Vumbi ambalo jicho halilioni halimo humo. Kwa hiyo kipimo chako ni macho yako, mara moja tu.

Ukipokea mkononi, viganja viwe bapa, kimoja juu ya kingine, ule mkono utakaochukulia ukiwa chini. Itikia "Amina" isikike, sogea hatua moja pembeni, kula hapo hapo kabla ya kuondoka. Kisha tazama kiganja. Ukiona chembe, ichukue kwa ulimi. Usipoona, umemaliza: usisugue, usipulize, usikung'ute nguo. Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, katika karne ya 4, aliwafundisha wakristo wapya kuchunga chembe kama mtu anayechunga vumbi la dhahabu. Anayechunga dhahabu huangalia pale anapoipokea, kisha huenda zake.

Ukipokea kwa ulimi, fungua kinywa wazi, toa ulimi, kichwa kitulie. Hostia nyingi huteleza kwa sababu mtu amefungua midomo kidogo au ameinyoosha shingo kuifuata. Wengi wenye shida yako hupumua wakihamia kupokea kwa ulimi, nami sikukatazi, ila wasiwasi ni mpangaji anayehama chumba: wiki ya tatu unaweza kujikuta unakagua meno. Ikiwa hivyo, ujue tatizo halikuwa kiganja.

Hostia ikianguka, anayekomunisha huiokota. Isipofaa kuliwa huwekwa majini hadi iyeyuke, na maji yale humwagwa kwenye sakrario, sinki maalumu la kanisani linalopeleka maji ardhini. Vyombo vya Misa, yaani patena, siborio na kalisi, husafishwa na padre, shemasi au akolithi, mhudumu wa altare aliyewekwa rasmi. Wajibu huo Kanisa limewapa hao, halijakupa wewe. Na kwa mnaobangua korosho msimu huu: weusi wa mafuta ya ganda vidoleni hautoki kwa sabuni ya siku moja, na si uchafu wa kumzuia mtu. Nawa kama kawaida, nenda.

Mfungo ni mwepesi kuliko unavyodhani. Saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo huhesabiwa hadi dakika unapopokea, si hadi Misa inapoanza. Misa ikianza saa moja asubuhi na Komunyo ikafika saa mbili kasoro dakika kumi, aliyemaliza uji saa moja kasoro robo yuko salama. Maji na dawa havivunji mfungo. Dawa ya meno uliyosukutua si chakula, wala kipande cha korosho kilichobaki menoni tangu awali. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi na saa hiyo. Zamani watu walifunga tangu usiku wa manane. Papa Pius XII akaufanya mfungo wa saa tatu mwaka 1957, Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja mwaka 1964. Walipunguza ili watu wapokee. Ukibaki na shaka tu kama saa imetimia, pokea.

Sasa ungamo. Dhambi ya mauti, ile inayomtaka mtu aungame kabla ya kupokea, inahitaji mambo matatu kwa pamoja: jambo zito, kujua kikamilifu, na kuridhia kikamilifu. Wazo chafu lililokujia mbele ya tabernakulo, sanduku la kuhifadhia Ekaristi, bila kulitaka halina hilo la tatu. Mtu mwenye dhamiri tulivu huambiwa aungame kilicho wazi, lakini kwako ushauri huo hautoshi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliambiwa hivyo kule Manresa, Hispania, haukumsaidia, kwa kuwa kwake kila kitu kilionekana wazi. Alipata amani alipoamua kuacha kabisa kurudia dhambi za zamani. Kipimo chako kiwe kikali zaidi: je, ungeweza kuapa sasa hivi, bila kufikiri, kwamba ulijua, ukataka, na jambo lilikuwa zito? Ukianza kujadiliana na nafsi yako, jibu ni hapana, na unakwenda kupokea.

Chagua muungamishi mmoja. Kutoka paroko wa Mtwara mjini hadi Ndanda, kisha Nyangao, kutafuta jibu tofauti, ndiko kunakokuza ugonjwa. Kama kigangoni padre hufika mara chache, kumbuka hakuna kitubio kwa simu, ila kanuni za kukuongoza kuhusu kuungama na kupokea mnaweza kukubaliana mapema hata kwa simu.

Majirani zetu Waislamu wanaujua ugonjwa huu kwa mtu anayerudia udhu hadi sala inampita, nao huuita wasiwasi vilevile. Hupanda kama maji kujaa Mikindani, na usipofanya lolote hupwa wenyewe. Kila ukirudi kukagua sakafu unauzuia usipwe. Ukaguzi ukikula masaa au usingizi, mwone pia daktari; dawa ya akili si upungufu wa imani.

Siku ya kwanza kwa padre mwambie hivi: "Nina dhamiri yenye wasiwasi, naomba kanuni nitakazozitii." Aziandike kwenye karatasi, zisizidi tatu, na mkubaliane ni Jumapili ipi utapokea.