Riwaya ya Bendi ya Roki Imejaa Masandukuni: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Katika barua tulizopokea mwezi huu, tatu zimetoka Malindi na Lamu na zote zinagusa jambo moja, yaani namna ya kuwafikishia wasomaji riwaya ambayo haikutolewa na kampuni yoyote ya uchapishaji. Majina ya walioandika tumeyahifadhi. Barua ya kwanza ndiyo nzito, na ndiyo tutakayoikalia zaidi.

SWALI: Bwana Mhariri, natumai barua hii itakukuta u buheri wa afya. Mimi ni mkazi wa Malindi, nami nimeandika riwaya ya Kiswahili kuhusu vijana wanne wa hapa petu waliounda bendi ya roki, wakatumbuiza mahotelini na katika baa za ufuoni kwa miaka mingi bila kupata cha maana, hadi madeni ya kodi na ugomvi juu ya amplifaya moja vikakaribia kuivunja bendi. Kampuni mbili za uchapishaji zilinijibu kwamba kitabu kisichosomwa shuleni hakina soko, nikaamua kuchapisha nakala 500 kwa fedha zangu mwenyewe. Nimegawa nakala kwa wakubwa, nimetundika bango, nimesambaza picha ya jalada katika makundi ya WhatsApp, lakini nakala zaidi ya 400 zingali masandukuni. Ndugu zangu wanasema roki ni muziki wa Wazungu na hakuna Mswahili atakayeinunua. Je, ni kweli? Nami niitangazeje? — *Mwandishi, Malindi*

JIBU: Ndugu Mwandishi, tukianza na hao ndugu zako, wasemalo si kweli. Nchini Zambia, katika miaka ya 1970, vijana wa Lusaka na wa miji ya migodi ya shaba waliipiga roki kwa namna yao wenyewe hadi ikapewa jina la Zamrock, na bendi kama WITCH zilijaza kumbi. Bei ya shaba ilipoporomoka na hali ya maisha kuwa ngumu, bendi hizo zilisambaratika. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, anayejulikana kwa jina la Jagari, aliishia kuchimba vito, na ilipita miongo mingi kabla ya muziki wao kutolewa upya na kusikilizwa ulimwenguni. Nairobi nako kuna bendi za roki mpaka leo. Mkasa wa bendi inayokufa njaa huku ikiwachezesha watu haukutoka ng'ambo.

Hata hivyo, nakushauri usipoteze muda kubishana nao, kwa sababu ubishi huo hata ukiushinda hautakuuzia nakala moja. Msomaji hanunui aina ya muziki, hununua mambo ya watu. Hapa Pwani ni nadra kupata ukoo usio na mtu aliyewahi kufanya kazi hotelini, awe mpishi, mlinzi, mpiga gitaa au mchezaji wa sarakasi. Them Mushrooms, walioanza mwaka 1972, walitumbuiza katika mahoteli ya Pwani miaka mingi kabla ya kuhamia Nairobi, na baada yao wamekuja wengine wengi ambao majina yao hayakupata kuvuka lango la hoteli. Kumsubiri meneja alipe, kuombwa wimbo uleule kila usiku na mgeni aliyelewa, kurudi nyumbani alfajiri ukiwa umebeba spika kwa bodaboda: hayo wasomaji wako wanayajua, hata kama hawajawahi kusikia roki.

Nakala uliyotutumia nimeisoma mpaka mwisho, na sasa nitasema jambo ambalo pengine halitakupendeza. Kitabu ni kizuri kuliko maneno yaliyo mgongoni mwake. Umeandika hapo: "Hii ni riwaya ya kusisimua inayohusu bendi ya roki iliyokumbwa na changamoto nyingi katika safari ya kutafuta mafanikio." Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye kitabu cha timu ya mpira au cha chama cha akina mama wafuga kuku na yasibadilike ila neno moja. Ilhali ndani, katika sura ya sita, mpiga ngoma ameweka rehani matoazi yake ili alipe kodi ya chumba. Usiku wa arusi ya binti wa tajiri anaingia jikoni, anaazima vifuniko viwili vya sufuria za pilau na kuvifunga kwa waya kwenye vyuma vya ngoma, na katika ukumbi mzima ni nyanya yake bi arusi peke yake anayetambua ule mlio, kwa kuwa vifuniko ni vyake. Nilicheka peke yangu. Mgongoni ungeandika hivi tu: "Arusi ni leo usiku. Matoazi ya bendi yako dukani kwa mkopeshaji, na kodi ya chumba haijalipwa miezi mitatu. Mpiga ngoma anaingia jikoni na kuomba vifuniko viwili vya sufuria." Hapo unakoma. Chapisha maneno hayo kwenye karatasi yenye gundi, ubandike juu ya yale ya zamani. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya bango, ambalo, nikiruhusiwa kusema, lilikuwa fedha ulizotupa baharini.

Baada ya hapo, tafuta wasomaji wa kwanza, na wa kwanza ni wanamuziki wenyewe. Unajua kama ninavyojua kwamba masika yakiingia watalii hupungua, mahoteli mengi ya Malindi na Watamu hufunga milango, na wapiga vyombo hukaa bila kazi. Huo ndio wakati wako. Waendee wanapofanyia mazoezi, wasomee sura moja, wauzie kwa bei nafuu kuliko ya dukani, kisha uwaombe jambo moja: wachague nyimbo mbili kati ya zile ulizozitunga ndani ya riwaya, wazitie sauti. Msimu ukifunguka mwezi wa Julai, uzinduzi wako usiwe wa meza yenye kitambaa, mgeni wa heshima na hotuba. Uwe onyesho la muziki ambamo msomaji mmoja anasoma kurasa mbili, bendi inaupiga wimbo unaotajwa katika kurasa hizo, na nakala zinauzwa mlangoni. Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ni siku nzuri ya kufanya hivyo, kwa sababu redio na magazeti huwa yanatafuta habari za Kiswahili za kuandika.

Redioni pia nenda na gitaa. Watangazaji hupelekewa vitabu vingi wasivyopata nafasi ya kuvifungua, kwa hiyo ukikipeleka chako kwa Pwani FM au kituo kingine cha Pwani, weka alama kwenye ukurasa unaosomeka kwa dakika tatu, uandike kwa ufupi kwamba utakuja na mpiga gitaa atakayeimba papo hapo. Kwa gazeti la Taifa Leo, tuma nakala pamoja na barua fupi inayoeleza kitabu kinahusu nini na kinapatikana wapi. Usimwambie mhariri kwamba kazi yako ni bora kuliko za fulani, na usiifananishe na vitabu maarufu; hulka hiyo hutuchosha sana sisi tunaopokea vitabu.

Kuhusu jibu la wachapishaji, si la kudharau. Soko la vitabu nchini Kenya hutegemea shule, na kitabu kisichoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala hakina njia rahisi ya kuingia darasani. Riwaya yako, yenye baa na matusi mawili matatu ya jukwaani, haitapita huko, nami nisingependa uifanyie tohara ili ipite. Kumbuka kwamba David Maillu, katika miaka ya 1970, alianzisha kampuni yake ya Comb Books mjini Nairobi, akachapisha vitabu vyake mwenyewe vya bei nafuu, akawapata wasomaji wengi ambao wachapishaji wakubwa hawakuwa na habari nao.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme kila nakala ilikugharimu shilingi 300, na bei yake ni shilingi 600. Muuza vitabu akichukua asilimia 35, unabaki na shilingi 390, yaani faida ya shilingi 90, na hapo hujalipia kifurushi cha basi wala simu za kufuatilia deni. Ukimuuzia mtu mkononi akakulipa kwa M-Pesa, faida ni shilingi 300. Kwa hiyo maduka yatumie kama mahali pa kuonekana, usiyafanye tegemeo lako, na kila nakala unayoiacha kwa mali kauli, yaani ulipwe ikishauzwa, iandikwe katika daftari lenye tarehe, idadi na sahihi ya mwenye duka. Waandishi wetu wengi hawafilisiwi na wasomaji. Wanafilisiwa na nakala zilizoachwa kwa maneno matupu. Wakubwa nao waache. Mtu aliyepewa kitabu bure mbele ya kamera hakisomi.

Mambo mawili ya upesi. Kama huna ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, iombe kwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa, kwani maduka makubwa huiulizia. Pia fuatilia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Imekuwa ikipokea miswada pamoja na vitabu vilivyochapishwa karibuni, lakini usome masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma. Wazo lako la kuitafsiri kwa Kitaliano, ulilotuandikia katika barua yako nyingine, liweke kando mpaka hizo nakala 400 zipungue.

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Nina duka la vitabu na vifaa vya shule hapa Lamu. Kijana mmoja ameniachia nakala kumi za riwaya ya bendi kwa mali kauli. Jalada lina picha ya gitaa na chupa ya pombe, na wateja wangu wengi ni wazazi na walimu wa madrasa. Nimrudishie, au kuna njia ya kuziuza? — *Muuza Vitabu, Lamu*

JIBU: Waalaykum salaam. Duka ni lako na heshima yake ni yako, kwa hiyo huna lawama ukikataa kuiweka dirishani. Mwambie kijana akuletee karatasi ya kufunikia jalada, yenye jina la kitabu na gitaa pekee. Mwandishi anayetaka kuuza atakubali. Kisha mweleze kwamba Lamu ni mji wa tenzi, na watu wake wamezoea kuisikia kazi kabla ya kuisoma. Asubiri Tamasha la Utamaduni la Lamu, azungumze na wasimamizi wa maktaba iliyo ndani ya Ngome ili apewe saa moja ya kusoma, nawe uweke meza yako nje, pale Mkunguni. Asije na kitabu chake wakati wa Maulidi.

SWALI: Mhariri, mimi ni mpiga gitaa mjini Malindi. Mwandishi mmoja ameniomba niyatie muziki mashairi yaliyo katika riwaya yake ili tuzitumie nyimbo hizo kuitangaza. Tukirekodi, wimbo ni wa nani? Na tena, katika sura moja amenukuu beti nzima za wimbo maarufu wa Kiingereza. Je, si kosa? — *Mpiga Gitaa, Malindi*

JIBU: Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, maneno ni mali ya aliyeyaandika na lahani ni mali yako wewe uliyeitunga, na haki hizo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mmoja wenu hawezi kuutoa wimbo bila ridhaa ya mwenzake, na urafiki usiwazuie kuandikiana. Andikeni mgawanyo wa mapato, nani atalipia studio, na kama bendi yako inaruhusiwa kuupiga wimbo huo mahotelini hata baada ya riwaya kusahauliwa. Kisha kila mmoja asajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki. Kuhusu beti alizonukuu, kutaja jina la wimbo au la mwimbaji hakuna tatizo, lakini beti nzima za wimbo ambao ungali chini ya hakimiliki zinahitaji idhini ya mwenyewe, na idhini hiyo aghalabu ni ya kulipia. Akichapisha tena, azitoe na badala yake aeleze jinsi wimbo ulivyosikika masikioni mwa mhusika wake. Nakala zilizokwisha kuchapwa azipeleke kwa wakili kabla ya kuzisambaza zaidi.