Beki hasahau

Swali lenu la wiki hii, "Ni beki gani aliyegeuka kocha ambaye safari yake imekugusa zaidi?", nililisoma kwa sauti barazani kwetu Kisauni, Mombasa, na kabla sijamaliza watu walishanijibia. Mzee mmoja jirani akasema Beckenbauer wa Ujerumani Magharibi, tena bila kuweka chini kikombe chake cha kahawa: Kombe la Dunia 1974 akiwa nahodha, 1990 akiwa kocha, mna swali jingine? Ni kweli, lakini Beckenbauer alikuwa beki wa jina tu. Mtu anayetoka nyuma na mpira, kichwa juu, kama anakwenda harusini, hayajui tunayoyajua sisi mabeki wa kawaida. Mimi jibu langu ni Gareth Southgate, beki wa zamani wa Uingereza aliyekuja kuwa kocha wa timu hiyo ya taifa. Chekeni kwanza, kisha nisikilizeni.

Nimecheza namba nne mtaani miaka kumi na moja. Mipira niliyookoa siikumbuki. Nakumbuka penalti moja niliyopaisha uwanja wa Serani mwaka 1997, fainali ya mtaa kwa mtaa, zawadi yenyewe mbuzi. Tulivuka daraja la Nyali kwa miguu timu nzima na hakuna aliyenisemesha. Mpaka leo kuna muuza samaki mmoja pale Kongowea, akiniona tu, hunadi: "Mbuzi!"

Kwa hiyo habari za Southgate mimi sizisomi kama habari za Mzungu wa mbali. Tarehe 26 Juni 1996, Wembley, nusu fainali ya Kombe la Ulaya, Uingereza na Ujerumani walitoka 1-1 hata baada ya muda wa nyongeza. Wapigaji watano wa kila upande wakafunga wote. Wa sita akajitokeza Southgate, beki wa Aston Villa mwenye miaka 25, ambaye katika soka la kulipwa alikuwa amewahi kupiga penalti moja tu, nayo iligonga mwamba. Hakulazimishwa, alisema yeye yuko tayari. Akapiga mpira mlegevu wa chinichini, Andreas Köpke akaupangua, Andreas Möller akaja akafunga hesabu. Baadaye mama yake mzazi alimuuliza kwa nini hakuubutua tu. (Mama ni mama, awe wa Watford au wa Likoni.) Naye badala ya kujificha, alikubali kuonekana kwenye tangazo la pizza amejivika mfuko wa karatasi kichwani. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Mimi naona heri yeye, alilipwa kwa kuchekwa.

Uchezaji wake mwingine nitaupitia mbiombio: mechi 57 za taifa, Kombe la Ligi akiwa na Villa 1996, na tena 2004 akiwa nahodha wa Middlesbrough, kombe kubwa la kwanza katika historia ya klabu hiyo. Mei 2006 alicheza fainali ya Kombe la UEFA, Sevilla wakawatandika 4-0. Juni akawa kocha wa timu ileile, hata leseni kamili ya ukocha hana. Hebu fikirini: mwezi uliopita mlikuwa mkivalia jezi chumba kimoja, mwezi huu wewe ndiye unayemwambia mwenzako leo utakaa benchi. Mwaka 2009 timu ikashuka daraja, na Oktoba akafukuzwa ikiwa pointi moja tu nyuma ya vinara wa daraja hilo la chini. Wengi wakifika hapo huishia kuchambua mpira kwenye televisheni. Yeye mwaka 2013 akaenda kufundisha vijana wa chini ya miaka 21 wa Uingereza, na mwaka 2016 Sam Allardyce alipoondoka baada ya mechi moja tu, timu ya wakubwa ikamwangukia.

Hapo ndipo ninapompendea. Waingereza walikuwa wamejiaminisha kwamba matuta, zile penalti za kuamua mshindi, ni bahati nasibu. Southgate akayafanya somo. Kuelekea Kombe la Dunia la 2018 wachezaji wake walifundishwa wasikurupuke refa akipuliza filimbi, wavute pumzi kwanza. Walipomaliza sare na Colombia, walishinda matuta 4-3, mara yao ya kwanza kabisa katika Kombe la Dunia. Mshambuliaji angewaambia vijana "jiamini". Aliyewahi kukosa ndiye anayejua kwamba mguu ukishaingia baridi, kujiamini hakuusaidii kitu.

Fainali ya Ulaya ya Julai 2021 niliitazama nyumbani, maana saa nne usiku mpira unaanza na kafyu ya korona nayo inaanza. Dakika ya pili Luke Shaw akafunga, nikasikia mtaa mzima unapiga kelele kutoka madirishani. Kisha nikamwona Southgate akifanya kile ambacho ningefanya mimi: akarudi nyuma. Beki akipata bao moja huliweka sandukuni, akakalia kifuniko. Italia wakasawazisha (mfungaji Bonucci, beki mwenzetu!), wakaja kushinda kwa matuta. Rashford, Sancho, Saka wakakosa, Saka akiwa na miaka 19. Kocha akaingia uwanjani akamkumbatia yule mtoto, na mbele ya waandishi akasema waliopiga aliwachagua yeye, lawama ni zake. Mwaka 1997 hapakuwa na mtu wa kunishika hata bega.

Lakini nisimpake mafuta. Ugonjwa wa kukalia bao moja ulimgharimu pia 2018: Trippier alifunga dakika ya tano dhidi ya Croatia, wakaja kufungwa 2-1. Kombe la Ulaya la 2024, na Bellingham, Foden, Kane wote anao, alitoka 0-0 na Slovenia hadi mashabiki wake wakamrushia vikombe. Akafika fainali hata hivyo, akafungwa na Hispania 2-1, na siku mbili baadaye akajiuzulu. Mechi 102, fainali mbili, kombe hakuna. Woga uliomfanya awalinde vijana ndio huohuo uliomzuia kuwaachia.

Mimi siku hizi nanoa watoto wa mtaani jioni, na akikosa mmoja, wa kwanza kumfuata ni mimi. Tarehe 6 Julai 2024, baada ya Isha, nilikuwa nao mbele ya televisheni ya kinyozi, Uingereza na Uswisi wamefika matuta. Wa tatu akaja Saka. Watoto walikuwa wakimtazama yeye, mimi nikimtafuta Southgate pembeni. Mpira ukaingia. Wakafunga wote watano.

Asubuhi yake nilikwenda Kongowea kununua changu. "Mbuzi!" jamaa akanadi kama kawaida. Kwa mara ya kwanza nikamjibu: "Wa mwaka tisini na saba? Kashakufa kwa uzee huyo. Nipimie kilo mbili."