Jibu: Jumuiya yetu imebaki ya michango tu, tufanyeje?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu. Unasema wanajumuiya wenu, yaani familia jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja kila wiki, huonekana tu wakitaka barua ya ubatizo au ndoa, na Jumamosi nyingi mnasali watu wanne.

Angalia kwanza daftari la mhazini linafunguliwa wakati gani. Kwetu lilifunguliwa mara baada ya sala ya mwanzo, na wasiolipa walisomwa majina kwa sauti. Mama muuza mboga aliyekosa elfu mbili, atarudije wiki ijayo? Tulipeleka michango mwisho, na mwenye shida akawa anaongea na mhazini pembeni. Watu wakaanza kurudi, taratibu.

Kisha ipeni Injili muda wake. Someni ile ya Jumapili, nyamazeni kidogo, kila mtu aseme neno lililomgusa, hata mstari mmoja. Katekista asihubiri. Halafu ulizeni: nani anaumwa, nani kafiwa, nani hajaonekana? Mkitoka hapo nendeni kwake siku hiyohiyo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi mtaani, kati ya majirani wanaojuana.

Na sala ya jumuiya izunguke nyumba kwa nyumba, hata kwenye chumba kimoja cha kupanga. Kubalianeni pasiwe na chai. Wengi wanakwepa zamu kwa sababu ya gharama, ila wanaona aibu kusema.

Suala la barua lina utaratibu wake kila parokia, kwa hiyo muoneni paroko kabla hamjamnyima mtu.