Jibu: OTH na fidia ya ulemavu

Ndugu, umeuliza kama shemeji yako aliyeachishwa jeshi la Marekani kwa OTH (Other Than Honorable, yaani kuachishwa kusiko kwa heshima) bado anaweza kudai fidia ya ulemavu. Anaweza. Angekuwa na Honorable (kuachishwa kwa heshima) au General (chini kidogo ya hiyo), njia nyeupe; kwa OTH, VA (idara ya Marekani ya wanajeshi wastaafu) wenyewe huchunguza kwanza mazingira ya kuachishwa kwake. Tangu Juni 2024 wanazingatia pia mambo kama maradhi ya akili au kudhulumiwa kingono kazini, kwa hiyo aambatanishe vyeti vya hospitali kwenye fomu ya kudai fidia, 21-526EZ. Na kama alimaliza mkataba wa kwanza wa jeshi vizuri, goti lililoumia kipindi kile linaweza kulipiwa. Kubadilisha hadhi yenyewe ya kuachishwa ni kwa fomu DD 293, ndani ya miaka 15 tangu kuachishwa. Hiyo ni safari nyingine, tena ndefu, asiisubiri.