77W, B77W na "Toleo la 2": Je, Ni Ndege Moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao nitasafiri na mama yangu kwa ndege ya Emirates kutoka Dar es Salaam kwenda Dubai. Tiketi yetu imeandikwa 77W, tovuti ya kufuatilia ndege inaandika B77W, na tovuti ya ramani za viti ina Boeing 777-300ER za matoleo kadhaa. Mama anaumwa magoti, hivyo ningependa akae kando ya njia, karibu na choo. Nifuate maandishi yapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, maandishi yote matatu yanahusu ndege ya aina moja, ila kila moja liliwekwa kwa ajili ya mtu mwingine, na hakuna kati yao aliyekuwa akifikiria magoti ya mama.

77W ni alama ya IATA, chama cha mashirika ya ndege, nayo hutumika katika ratiba na ukataji wa tiketi. B77W ni ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na imekusudiwa waongoza ndege, ambao wanahitaji kujua ndege inavyoruka na ukubwa wa msukosuko wa hewa inaouacha nyuma yake, wala hawana haja na viti. Ndiyo maana kwao alama B77L ni ya 777-200LR ya abiria na pia ya 777 ya mizigo, ilhali IATA, kwa kuwa iko kwenye biashara ya tiketi, huzitenga: 77L na 77X. Kwa sababu hiyo hiyo usishangae kuona Airbus A220-300 ya Air Tanzania ikiandikwa BCS3. Ndege hiyo ilibuniwa na Bombardier ya Kanada kwa jina la C Series, na Airbus ilipoibadilisha jina mwaka 2018, alama ya waongoza ndege ilibaki ile ile.

Ama "toleo la 2", hilo halikutoka kwa Boeing. Mwenye tovuti ya ramani za viti amehesabu mipangilio ya viti ya shirika husika akaipa namba zake mwenyewe, kwa hiyo toleo la 2 kwake laweza kuwa la 3 kwa jirani yake. Tofauti zenyewe, hata hivyo, ni za kweli. Katika 777-300ER za Emirates ambazo hazijakarabatiwa, daraja la biashara lina viti 2-3-2 kwa safu (kila kistari ni njia ya kupita). Katika zilizokarabatiwa ni 1-2-1, na limeongezwa daraja la kati kabla ya lile la kawaida, jambo linaloweza kubadili namba za safu na mahali vilipo vyoo.

Kwa hiyo usianze na jina la toleo. Fungua ukurasa wa tiketi yako kwenye tovuti ya Emirates yenyewe, tazama daraja la kawaida linaanzia safu ya ngapi na vyoo viko wapi, kisha tafuta ramani inayolingana. Viti vya kando ya njia ni C, D, G na H, kwa kuwa daraja hilo limepangwa 3-4-3.

Siku ya safari, tovuti ya kufuatilia ndege itakuonyesha namba ya usajili inayoanza na A6. Hiyo ndiyo hutambulisha ndege moja mahususi, ingawa aina inayoandikwa kando yake haitangazwi na ndege: tovuti hupokea namba ya utambulisho kutoka angani, halafu huitafuta katika daftari lake, na daftari huweza kukosewa.

Shirika laweza kubadilisha ndege hata saa chache kabla ya safari, na hapo kompyuta hupanga viti upya. Kagua tena usiku wa kuamkia safari, na ukiona mama amehamishwa, mweleze mhudumu wa kaunta habari ya magoti kabla hajachapa kadi za kupandia ndege.