Gari linalia wiii asubuhi, ninunue alteneta?

SWALI: Fundi habari, gari yangu ya mwaka 1998, nikiwasha asubuhi hapa Tabata inalia wiiii dakika nzima ndo inanyamaza, na juzi usiku kwenye foleni ya Ubungo na AC nimewasha taa ya betri ikawa inawaka inazima. Jirani anasema alteneta imekufa, kweli?

JIBU: Salama kaka, jirani akae pembeni kwanza. Hiyo wiii ya asubuhi mara nyingi ni mkanda unaozungusha alteneta (mashine inayozalisha umeme wa gari) umelegea au umechakaa, ukishawasha alteneta inakuwa na kazi kubwa ya kurudisha chaji kwenye betri so mkanda unateleza, na ukiteleza hata alteneta isiyo na tatizo haichaji vizuri. Mwagia maji kidogo kwenye mkanda injini ikiunguruma (mkono mbali jamani!), kelele ikibadilika ni mkanda. Kama ni mngurumo haubadiliki basi ni beringi (vyuma vinavyosaidia sehemu zizunguke laini). Alafu pima betri kwa mita ya umeme, gari imezimwa iwe kama volti 12.6, ikiwaka 13.8 hadi 14.4, ikibaki 12 na mkanda umekaza ndo alteneta hiyo, ila mara nyingi ni kaboni tu (vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani ya alteneta) zimeisha, zinabadilishwa. Na fundi akitaka kuchomoa betri gari ikiwaka ili "apime", mkatalie, anaunguza vifaa.